Bagamoyo, usiku wavuvi walipokagua picha

Mabasi ya Bagamoyo yanaondokea stendi ya Makumbusho, na Jumamosi alasiri hayachelewi kujaa. Nilipata kiti cha dirishani, nikampakata mtoto wa mama niliyeketi naye hadi Tegeta, kisha foleni ikalegea na upepo ukaanza kuingia. Bunju, Mto Mpiji, halafu Mapinga, Kerege, Zinga. Kutoka katikati ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilomita 70 hivi, lakini ukishavuka Mpiji umeingia Mkoa wa Pwani na hata salamu ndani ya gari zinabadilika. Zinarefuka. Habari za nyumbani, za watoto na za kazi zinaulizwa moja moja, na anayejibu hana haraka.

Nilikuwa nakwenda kuona maonyesho. Rafiki yangu anayefundisha ngoma pale mjini alinipigia simu akaniambia kuna wachoraji, wachongaji na wasusi wa mikeka wameazimwa nyumba ya kale ya mawe Mji Mkongwe kwa usiku mmoja. Mwaliko, alisema, haukupelekwa hotelini. Umepelekwa sokoni, msikitini, vijiwe vya bodaboda na ufukweni kwa wavuvi. Mtalii akipita atakaribishwa kama mgeni yeyote, ila waliotakiwa hasa ni wenye mji. Hilo ndilo lililonipandisha basi.

Bagamoyo haina njaa ya sanaa. Chuo cha sanaa kilianzishwa pale mwaka 1981, ndicho leo tunachokiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na kimetoa wapiga ngoma, waigizaji na wachoraji waliotawanyika nchi nzima. Kila mwaka kuna tamasha kubwa linalojaza mji. Lakini pita mtaani mchana, mbele ya vibanda vya picha, utazame zilizotundikwa: Wamasai wakiruka chini ya Mlima Kilimanjaro, twiga wawili machweo, mbuyu, tembo. Wale wanaozichora wameamka na harufu ya samaki wanaokaangwa, wamekulia kwenye vichochoro vya kuta za matumbawe, na baba zao walikuwa wavuvi. Humo kwenye picha hakuna hata kimoja cha hivyo.

Simlaumu mtu anayechora kinacholipa kodi ya chumba. Hata Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kuanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alichora juu ya mbao laini za kufungia dari kwa rangi ya kupakia baiskeli, na wanunuzi wake wakubwa walikuwa wageni waliokuja kununua mahitaji yao pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi. Ndugu zake na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao ambao upo hadi leo. Kwa hiyo uchoraji huu tangu mwanzo umekuwa na mnunuzi wa mbali. Kinachoniuma ni kingine. Mchoraji anaweza kufanya kazi miaka ishirini bila kuambiwa neno moja la maana kuhusu kazi yake. Mgeni husema nzuri, au huuliza bei na kwenda zake. Jirani hasemi kitu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba picha ile inamhusu.

Nilifika jua likiwa bado juu ya minazi. Bajaji ilinishusha mwanzo wa ule mtaa wa zamani, nikatembea taratibu, maana milango ya Bagamoyo haitaki kupitwa haraka. Upo mmoja ambao mfaa wake, ule mti wa katikati, umechongwa maua kutoka juu hadi chini, nakshi zimeliwa na chumvi lakini ukipitisha kidole bado unazihisi. Nyumba za jirani nyingine hazina mapaa tena, mtini umeota katikati ya ukuta. Ile ya maonyesho ilikuwa na bahati: mwenyewe aliipaka chokaa upya na boriti zake za mikoko bado zimeshika. Vijana walikuwa wanagongomea misumari na kubishana urefu wa kutundika. Nikapewa ngazi niishike.

Walisubiri watu watoke sala ya magharibi ndipo wakafungua. Uani mama mmoja aliweka jiko la pweza, mzee wa kahawa akaja na birika lake na sinia la kashata, na kwa muda watu walikaa hapohapo nje. Waliogopa kuingia. Niliwaona wanaume wakichungulia dirishani, wakirudi kwenye kahawa. Nadhani walihisi mle ndani kuna namna ya kutazama ambayo wao hawajafundishwa. Watoto ndio waliovunja kizingiti; waliingia mbio, wakafuatwa na mama zao, na baada ya robo saa chumba cha mbele kilikuwa hakina pa kukanyaga.

Picha iliyokusanya watu wengi ilikuwa ya bahari. Kubwa, karibu mita moja na nusu kwa upana, rangi ya mafuta juu ya kitambaa. Mashua mbili zinapishana karibu na pwani, maji ya kijani yakielekea kuwa buluu, kwa mbali kivuli cha mikoko. Aliyeichora ni kijana wa miaka ishirini na kitu, kavaa kanzu safi kwa heshima ya shughuli, kasimama pembeni mikono nyuma. Kwa miaka amekuwa akichora Wamasai na twiga. Hii, aliniambia kwa sauti ya chini, aliichora kwa ajili ya usiku huu.

Mbele yake alisimama mzee mmoja mvuvi, kofia ya kiua imefifia kwa jua. Alitazama muda mrefu sana. Kijana alimwamkia, shikamoo mzee, akaitikiwa marahaba bila mzee kugeuza shingo. Kisha akauliza:

“Mwanangu, upepo wako huu ni kusi au kaskazi?”

“Ni upepo tu, mzee wangu.”

“Hakuna upepo tu.”

Akanyoosha kidole bila kugusa kitambaa. Tanga la mashua ya kwanza, alisema, limejaa upande huu, na la pili limejaa upande ule, na zote ziko bahari moja saa moja. Haiwezekani. Mashua zinaweza kupishana, moja ikienda na nyingine ikirudi, upepo ukazipiga ubavuni, lakini matanga yote mawili yatajaa upande mmoja, kule upepo unakokwenda. Halafu mlingoti. “Umeuinamisha nyuma. Mlingoti wa mashua unainamia omo, kule mbele. Ukiusimamisha hivi, foromali, huo mti unaoshika tanga, utaizungusha vipi ukitaka kugeuza tanga?” Mvuvi mwingine akasogea, akasema rangi ya maji ameipata barabara, ni maji ya asubuhi kusi ikiwa bado haijashika. Wa tatu akakataa, akasema hapana, yale ni maji ya matlai, ule upepo wa mashariki. Wakaanza kubishana wao kwa wao mbele ya picha, mikono hewani, kila mmoja akimwonyesha mwenzake sehemu ya bahari iliyochorwa kama wanaonyeshana bahari yenyewe.

Nilimwangalia yule kijana. Nilihofu atavunjika moyo. Alichomoa penseli mfukoni, akageuza karatasi ya bei, akasema, “Mzee, hebu nirudie hapo pa mlingoti.” Akaandika. Nimehudhuria maonyesho mengi katika kumbi zenye viyoyozi, nikasikia hotuba za wafadhili na makofi, na sikumbuki kazi ya mtu kupewa heshima kubwa kama ile. Kumwambia msanii kwamba amekosea tanga ni kumwambia kwamba umemchukulia kwa uzito, kwamba bahari aliyoichora ni bahari ya kweli na lazima mashua iweze kwenda.

Chumba cha pili kilikuwa cha mikeka. Bibi mmoja alikuwa ametandaza ukili, ule mkanda uliosukwa, sakafuni akiendelea kushona, na ukutani vijana walikuwa wametundika mkeka wake mkubwa wa rangi nne. Alipoinua macho akauona, akacheka hadi akaweka sindano chini. “Mmenitundikia mgongo, wajukuu zangu! Uso uko nyuma.” Ukashushwa, ukageuzwa, na kweli upande wa pili rangi zilikaa vingine kabisa, zambarau ikatulia ndani ya njano. Kina mama waliokuwepo waliujua mkono wake hata kabla ya kuambiwa. Walikuwa wakihesabu upana wa ukili kwa vidole, wakiuliza alivyochemsha ukindu hadi rangi ikashika bila kuchuja, na mmoja akataka kujua kwa nini amebadilisha nakshi karibu na pindo. Bibi akajibu kwamba rangi ilimwishia, akatafakari, kisha akasema alipoona ilivyokuwa akaipenda. Hapo nilikaa chini nami, nikamwamkia na kumsikiliza. Mkeka anaoshona mtu kwa miezi unakalishwa chini sebuleni, unakanyagwa, unazeeka. Kuuona ukutani kulinishtua kidogo, ingawa nimelala juu ya mikeka tangu utotoni.

Makundi mengine niliyapitia haraka. Kulikuwa na batiki nzuri, na sanamu za vyuma chakavu ambazo watoto walizipenda kuliko kitu kingine chochote.

Kwa mchongaji nilikaa. Ni mzee wa Kimakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kwenye mashamba ya mkonge, kama walivyokuja Wamakonde wengi wa kizazi chao. Alileta vitu vitatu tu, na kimoja kilikuwa dimongo, ile nguzo ya watu waliobebana, imetoka katika gogo moja la mpingo, inamfikia mtu kiunoni. Fundi seremala wa mtaa huohuo alifika na tochi ya simu. Aliomba ruhusa, akailaza, akakwangua chini kwa ukucha, akainusa. Alitaka kujua kama ni mpingo kweli au ni mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu, maana hilo nalo lipo sokoni. Mzee hakuchukia hata kidogo. Alimwambia, “Ibebe.” Fundi akaibeba, akatikisa kichwa kwa heshima. Mpingo mkavu ukiutupa majini unazama.

Wakaingia kwenye maongezi ya mafundi wawili: tezo, patasi, tupa, na mpingo unavyozidi kuwa adimu. Mti ule unaweza kuchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, nao unatakiwa pia ng’ambo na watengenezaji wa klarineti. Vibali, usafiri, bei ya gogo. Mzee alisema siku hizi anafikiri muda mrefu kabla ya kupiga pigo la kwanza. Kisha dada mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria.

“Babu, huyu wa chini kabisa, anayewabeba wote, ni nani?”

“Huyo ni bibi. Kwetu ukoo unapita kwa mama. Ukimtoa yeye, hao wote juu wanaanguka.”

Dada akachuchumaa na mtoto wake, akaangalia uso wa yule bibi wa mpingo hadi watu waliokuwa nyuma yake wakaanza kumsogeza.

Bei zilileta ubishi, na ni vizuri zilileta. Ile picha ya mashua iliandikwa shilingi 150,000. Watu waliguna, mmoja akasema hiyo bei ni ya Wazungu. Kijana alijibu kwa adabu, akahesabu makopo ya rangi, kitambaa, mbao za fremu na majuma aliyokaa nayo. Nina la kusema hapa, na ninalisema bila kumkejeli yeyote. Sebule zetu nyingi zina maporomoko ya maji ya nchi tusizozijua, yamechapwa kwenye plastiki, yamenunuliwa kwa fedha halali. Kabati la vyombo tunalilipia kwa mafungu mwaka mzima. Fedha si nyingi, ni kweli, lakini kidogo tulichonacho tunajua kukipeleka tunakopenda. Hatujazoea tu kukipeleka kwa kijana wa mtaa wa pili.

Baada ya isha watu walirudi tena, wengine na wake zao. Mkeka wa bibi ulinunuliwa na familia iliyokuwa na harusi. Dimongo haikununuliwa, mzee aliifunga kwenye kanga akaondoka nayo kwa bodaboda, akiwa ameipakata. Picha ya mashua nayo haikununuliwa. Lakini yule mvuvi wa kwanza alirejea na noti ya elfu kumi mkononi. Alitaka nyingine, ndogo kuliko ile, ya mashua yake mwenyewe, na hizo zilikuwa za kutanguliza. Sharti lilikuwa moja, kijana aje ufukweni kesho kabla ya jua kukolea.

Nililala Bagamoyo ili nishuhudie hilo. Asubuhi, karibu na soko la samaki, mnada ulikuwa umeshachangamka na ndoo zinapita vichwani. Kijana alikuja na daftari na penseli mbili, akatafuta pa kukaa kivulini. Mzee alimwita. Akamwambia aweke daftari kwanza, akunje suruali, aingie majini ashike kamba wapandishe tanga pamoja, kwa sababu hataki kuchorewa mashua na mtu ambaye hajui uzito wa foromali. Walivuta, wakapumzika, wakavuta tena. Tanga lilipojaa, mzee alimuuliza, “Sasa, upepo gani huu?”

“Kusi,” kijana akasema.

“Haya. Kalete daftari lako.”