Usimwambie mwanajeshi alale kama maiti

Mwaka wa pili sasa nafundisha yoga kikundi cha wanajeshi wastaafu, na siongelei wale wanaoumwa mgongo tu, hawa ni watu wenye magonjwa makubwa ya akili, skizofrenia (mtu anasikia sauti au anaamini vitu visivyokuwepo), baipola (hisia zinapanda mno afu zinashuka mno), sonona ile nzito, na wengi wao juu ya hayo yote wana kiwewe cha vita. Nikimwambia mtu hivyo anaanza kuwaza mishumaa na vimuziki vya polepole. Hamna. Ni ukumbi taa zote zinawaka, mlango uko wazi, na mikeka tumeipanga kila mtu auone mlango bila kugeuza shingo.

Hayo ya mlango sikuyajua mwanzo. Siku ya kwanza niliharibu vibaya sana. Darasa likaenda vizuri tu, tukanyoosha mikono, tukapumua, nikajiona mwalimu haswa, mwisho nikazima taa nikasema kwa ile sauti yangu ya kubembeleza, "sasa tunalala kama maiti, fumbeni macho." Si ndo jina lake, shavasana, mkao wa maiti, nimelisema mamia ya mara kwa watu wa kawaida na hakuna aliyeshtuka. Afu nikaanza kupita nyuma yao niwarekebishe mabega. Mzee mmoja nilipomgusa tu alikuwa kashasimama, amenishika mkono, na ananiangalia kama hanijui. Mwingine akatoka nje hata viatu hakuvaa. Usiku ule sikulala, kila nikifumba macho najisikia nikisema lile neno maiti.

Kwa hiyo sasa hivi simgusi mtu, sipiti nyuma ya mtu, macho ni ya kwako ukitaka fumba ukitaka angalia ukuta, na ule mkao tunauita kupumzika basi. Anayetaka kukaa kwenye kiti anakaa kwenye kiti.

Ila kuna kitu mafunzo hayakuniambia. Tulifundishwa tuongee kwa kuwapa uchaguzi, "ukipenda inua mkono, kama unajisikia vizuri jaribu hivi", na sababu yake naielewa, mtu aliyeumizwa arudishiwe mamlaka juu ya mwili wake. Sasa wiki ya tatu au ya nne mzee mmoja kachoka akaniambia, "Mwalimu, hii ukipenda ukipenda inanichanganya, toa amri." Wenzake wakacheka lakini wakakubaliana naye! Mtu akili yake siku hiyo ina kelele, anasikia sauti, afu na wewe unamuongezea kazi ya kuchagua. Basi tukapatana, natoa amri fupi, na amri ya kwanza kabisa ya kila darasa ni kwamba kukataa kunaruhusiwa. Mpaka leo tunaanza na mguu sawa, mguu pande.

Kingine ni dawa, na hapa walimu wengi wa yoga wananikera, unamkuta mtu anamwambia mgonjwa "mazoezi yatakuponya utaacha vidonge". Usithubutu. Yoga inakaa juu ya dawa, haikai badala yake. Na ukiwa hujui dawa zinafanya nini mwilini utawaumiza. Nyingi zinashusha presha mtu akiinuka ghafla, ndo maana kutoka chini tunakaa kwanza, tunapumua, afu tunasimama, la sivyo mtu anaanguka. Zingine zinamfanya mtu asitulie, miguu inataka kutembea tu, huyo kumwambia alale kimya dakika kumi ni kumtesa, mimi namwacha azunguke ukumbi. Mwenye kutumia lithiamu, dawa ya baipola, simpeleki kwenye yoga ya chumba cha joto hata kidogo, akitoka jasho sana maji yakipungua mwilini dawa inaweza kupanda kwenye damu mpaka ikawa sumu. Na kupumua kwa kasi kasi, au kutafakari kimya kwa muda mrefu, kwa mtu mwenye saikosisi, yaani akili imeachana na uhalisia, sitaki kabisa.

Mtasema sasa faida iko wapi. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa haya makubwa wanakufa miaka 10 mpaka 20 mapema kuliko wengine, na sehemu kubwa ni moyo, sukari, uzito, na baadhi ya dawa zenyewe zinanenepesha. Kwa hiyo mwili kutembea tu tayari ni kitu. Kule Bangalore, India, mwaka 2007 walitoa utafiti wa watu 61 wenye skizofrenia, wengine yoga wengine mazoezi ya kawaida, wote wakiendelea na dawa, na wa yoga wakafanya vizuri zaidi hasa kwenye zile dalili za kunyamaza, kukosa hamu, kujitenga, ambazo dawa hazizigusi sana. Mwaka 2014 Marekani ukaja wa wanawake 64 wenye kiwewe sugu, wiki 10, kwenye kundi la yoga 16 kati ya 31 hawakuhesabika tena kuwa na ugonjwa, kundi la pili walikuwa 6 kati ya 29. Lakini tusidanganyane, wale hawakuwa kundi la wanajeshi na makundi yenyewe ni madogo. Ila hata idara ya maveterani Marekani tangu 2017 imeiweka yoga kwenye huduma zake, kwa hiyo si mimi peke yangu na mikeka yangu.

Cha kushangaza kilichobadilisha darasa langu kuliko vyote ni saa. Tulikuwa tunaanza saa mbili asubuhi, wanakuja wanne, wote wanasinzia kwa dawa za usiku, nami najua tu ni wavivu. Tukahamia saa kumi jioni, sasa wanakuja tisa.

Yule mzee wa siku ya kwanza alirudi baada ya mwezi. Anakaa kwenye kiti chake ukutani, viatu miguuni, hajawahi kulala kwenye mkeka na simwambii. Juzi nikamuuliza, vipi mzee? "Jana nimelala masaa matano mfululizo," akasema, afu akaenda zake nje kuvuta sigara.