Nilivyoweka sawa deki ya mzee mpaka muvi za Kihindi zikatoa rangi

Mzee wangu yuko Tanga na mpaka leo anatumia deki ya DVD, zile nyeusi bapa za Kichina, kaiunga kwenye TV ya chogo, na usimwambie habari za Yutubu, ana kabati zima la diski za Kihindi na kila moja anajua iko wapi. Akanipigia simu analalamika kwamba kwaya na Bongo muvi zinacheza safi kabisa ila akiweka Mhindi picha inakuwa nyeusi na nyeupe afu inapanda juu inapanda juu haitulii, na watu wanaongea hawasikiki. Fundi wa mtaani kashamwambia lenzi imekufa, alete hela. Mi nikasema hapana, lenzi ikifa picha inagandaganda au inaandika NO DISC, haiondoi rangi wala haifanyi picha ipande juu. Hiyo ni seting.

Nilivyofika nikaanza na rimoti maana mbele ya deki kuna vitufe vitatu tu, kucheza, kusimamisha na kutoa trei, kwenye menyu huingii bila rimoti. Ya mzee imefungwa raba huku na huku. Kama hujui rimoti yako nzima au la, ielekeze kwenye kamera ya simu, ile ya selfi ndo nzuri zaidi, ubonyeze kitufe chochote, ukiona kitaa cha zambarau kinawaka basi inatuma, usinunue nyingine.

Nikabonyeza SETUP, zikaja kurasa za GENERAL, AUDIO, VIDEO na PREFERENCE, na hiyo ya mwisho ndo ninayoitaka, sasa imepauka, mshale ukifika pale unairuka. Hapa ndo wengi wanakata tamaa wanasema deki mbovu. Kumbe deki nyingi za aina hii haziruhusu uguse huo ukurasa wakati diski iko kazini, na ukibonyeza STOP mara moja bado inakumbuka ulipoishia kwahiyo inajihesabu iko kazini, bonyeza mara mbili, ikigoma toa diski kabisa trei ikae tupu. Nikatoa diski, ukurasa ukafunguka.

Ndani yake cha kwanza ni TV TYPE, kuna PAL, AUTO na NTSC. Ya mzee ilikuwa AUTO. Sasa iko hivi, PAL na NTSC ni mifumo miwili ya kupeleka picha kwenye TV, huku kwetu TV zilikuwa za PAL, mistari 576 na picha 25 kwa sekunde, wakati DVD nyingi za Kihindi zilitengenezwa kwa NTSC ambayo ni mistari 480 na picha kama 30 kwa sekunde. Ukiiacha AUTO deki inatoa vilevile diski ilivyo, na chogo la zamani linalojua PAL tu halielewi rangi inaletwaje wala mwendo wake, ndo maana picha inapanda na rangi hamna. Flati za siku hizi zinapokea zote kwahiyo mtu mwenye flati hili halimhusu, mwachie AUTO tu. Mi nikaweka PAL, hapo deki inageuza yenyewe kabla ya kutuma. Mzee akarudisha diski yake, rangi zikaja, akaniangalia tu akasema haya, na sauti?

Sauti ilinichelewesha kidogo. Muziki unapiga vizuri, ngoma zote unazisikia, ila mtu akifungua mdomo kimya. Diski za muvi mara nyingi sauti yake ni ya spika sita, na maneno ya waigizaji yanawekwa kwenye ile ya katikati. Mzee ana waya mbili tu, nyekundu na nyeupe, zinaingia kwenye sabufa, spika ya katikati haipo. Ukiingia AUDIO utakuta DOWNMIX, kwake ilikuwa OFF, maana yake deki inadhani una spika zote sita kwahiyo maneno yanatumwa kwenye tundu ambalo halina waya. Nikaweka STEREO, zote zikachanganywa kwenye hizo mbili, mara mtu wa kwanza kuongea akawa anagomba na baba mkwe wake, mzee akacheka.

Maandishi ya chini nilitaka niyaache ya Kiingereza, akakataa, "hizi nimeziangalia toka kijana mwanangu, maandishi ya nini", nikaweka SUBTITLE OFF. Ila jueni kuna diski zina amri zake, unaizima wewe yenyewe inawasha, hapo tumia kitufe cha rimoti tu wakati inacheza.

Upana wa picha tulibishana. Mi napenda 4:3 LB, unapata picha nzima na weusi juu na chini, yeye anataka kioo kijae, nikampa 4:3 PS ambayo inakata pembeni, kwahiyo wacheza shoo wa mwishomwisho hawaonekani lakini ni deki yake. Kuna diski zingine hata ubadilishe hakuna kitu, weusi umo ndani ya picha yenyewe.

Kitu ambacho usiguse kama unatumia waya ya njano, ile ya picha, ni P-SCAN kwenye VIDEO, hiyo ni aina ya picha ambayo waya hiyo haiwezi kubeba, ukiiwasha kioo kinaweza kuwa cheusi na menyu huioni tena, labda rimoti yako iwe na kitufe cha V-MODE ubonyeze mpaka picha irudi.

DEFAULT nayo inafuta vyote ulivyopanga, kwahiyo kabla sijaondoka nilipiga picha kila ukurasa kwa simu nikamtumia mdogo wangu anaekaa na mzee, maana wajukuu wakija likizo hiyo rimoti haipumziki.