Siku moja maishani mwangu: muuza samaki wa mapambo anayeshinda akikataa kuuza

Saa 12:30 asubuhi. Kabla sijawasha taa za matangi, napita gizani na tochi. Samaki aliyekufa usiku ni heri nimwone mimi kabla wenzake hawajaamka na kumfanya kitoweo. Leo hakuna maiti, ila kwenye tangi la tatu kuna gapi dume, samaki mdogo wa mkia mpana, ambaye mkia wake umebaki kama ufagio uliochakaa. Mwizi namjua. Jana jioni nilikosa nafasi nikaingiza humo babi wanne wenye milia, nikajiambia ni usiku mmoja tu. Babi wakiwa wanane au kumi hufukuzana wao kwa wao. Wakiwa wachache huwatafuta wenye mikia mirefu. Nalijua hilo miaka yote, na bado nikalifanya. Nawarudisha kwa wenzao, gapi namtenga kwenye tangi dogo la maji safi.

Saa 2. Maji. Watu hudhani kazi hii ni samaki, kumbe ni ndoo. Nafyonza uchafu wa chini kwa mpira, napunguza kama robo ya maji kila tangi, najazia mengine yasiyo na klorini na yenye joto lilelile. Napima amonia na nitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, zote sifuri. Mgongo ndio unaolalamika.

Saa 4. Anaingia mama na mwanawe wa miaka kama minane. Mtoto amebandika pua kwenye kioo cha beta mwekundu, yule samaki mpiganaji. Anamtaka huyo, pamoja na gapi "wale wa rangirangi". Tangi lao ni lita 40.

"Mama, beta dume akiona mkia wa fahari wa gapi, anaweza kudhani ni dume mwenzake kaja kumpokonya himaya."

"Si wote, lakini?"

Si wote, kweli. Wapo beta wapole wanaoishi na gapi bila shari. Ila tabia ya beta huijui mpaka umfikishe nyumbani, nami simuuzii mtoto kamari. Nampa njia mbili: beta peke yake na konokono wa maji, au gapi madume sita bila beta. Kwa nini madume tu? Gapi jike huzaa karibu kila mwezi, tena anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo hata ukimnunua peke yake unaweza kuwa umenunua ukoo. Mtoto hasikilizi. Beta keshapewa jina: Bosi.

Saa 6. Kijana ananionyesha picha ya tangi lake kwenye simu. Lita 200, mawe yamepangwa vizuri, mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Malawi, wa bluu na njano. Anataka neoni ishirini, visamaki vyenye mstari unaong'aa, wa kuchangamsha.

"Kaka, hao neoni watakuwa chakula."

"Mbona nimeona video wakiwa pamoja?"

Video ni dakika tatu; wiki ya tatu hakuonyeshwa. Mbuna wanataka maji magumu, pH (kipimo cha asidi) ya 8 hivi, na kila dume ana jiwe lake analolilinda kwa meno. Neoni ni wa mito ya bonde la Amazon, maji laini yenye asidi kidogo, na hawana cha kujitetea nacho. Anaondoka mikono mitupu, amenuna kidogo.

Saa 9 naenda kwa mteja mwenye tangi la lita 120 ofisini kwake. Hapa ndipo napenda kazi yangu. Tangi limezungusha maji wiki sita bila samaki, mimi nikilitilia amonia kidogokidogo ili bakteria wa kuimeza wapate kukaa kwenye chujio. Sasa tunapanga wapangaji kwa ghorofa. Chini, koridorasi sita kwenye mchanga laini, kwa sababu changarawe kali huwakwaruza sharubu. Katikati, neoni kumi na wawili. Wakiwa watatu hujificha tu. Juu, jozi ya gurami wa asali. Wote wanaelewana kwenye nyuzijoto 25, na hakuna ambaye mdomo wake unamtosha jirani.

"Na skalari wawili, wale bapa wenye mapezi marefu?" anauliza mteja. Ndilo swali nililokuwa naliogopa.

Tangi langu la kwanza nilimweka skalari mdogo kama sarafu pamoja na neoni kumi. Baada ya miezi kadhaa neoni wakawa wanane, kisha watano. Nikalishuku chujio, nikalifungua lote, nikachungulia nyuma ya tangi sakafuni. Jioni moja nikamwona skalari ametulia katikati ya majani, kipande chekundu cha neoni kikichungulia mdomoni mwake. Hakuwa mkorofi. Alikuwa amekua tu.

Mteja anacheka, anaacha. Leo tunaingiza koridorasi peke yao. Neoni watafuata baada ya wiki mbili. Mfuko unaelea dakika kumi na tano, naongeza maji ya tangi kikombe baada ya kikombe, kisha nawavua kwa wavu. Maji ya mfukoni hayaingii.

Saa 11 jioni. Mzee mmoja yuko mlangoni na ndoo. Ndani yake pleko wa sentimita 30, amejikunja kwa kukosa nafasi. Alimnunua akiwa na urefu wa kidole, ili ale mwani wa kwenye kioo.

"Shikamoo mzee. Nani alikuuzia?"

"Wewe."

Nampokea bila neno.

Saa 1 usiku nazima taa tangi moja baada ya jingine. Pleko kajibandika kwenye kioo cha tangi kubwa la nyuma, ambalo kuanzia leo haliuzwi. Gapi namtupia chembe mbili za chakula. Anakuja akiyumba na ule ufagio wake, anameza moja, anaitema, anaimeza tena.