Mtoto kaleta fomu ya timu ya sayansi: tusaini au tuache?

Kila Septemba wazazi wenzangu wa Kitanzania hapa Columbus, Ohio, Marekani, hunipigia simu na swali lile lile. Mtoto yuko shule ya kati, kaleta fomu ya timu ya sayansi, asaini au aache? Wengi huuliza huku jibu wanalo tayari. Jumamosi zitaliwa, mazoezi yanaisha jioni mama akiwa zamu, na hakuna alama hata moja itakayoingia kwenye ripoti ya shule. Sisi tuliosoma kwa kupangwa namba darasani, wa kwanza mpaka wa mwisho, kitu kisicho na alama tunakihesabu kuwa ni mchezo. Binti yangu aliingia timu hiyo akiwa darasa la sita na sasa yuko la nane, kwa hiyo acha niandike yote mahali pamoja, simu zipungue.

Timu inaitwa Science Olympiad. Mashindano yake ya kwanza ya taifa yalifanyika mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Michigan State. Ngazi ya B ni ya darasa la sita mpaka la tisa, ngazi ya C ni ya sekondari ya juu. Timu moja haizidi wanafunzi 15, na wanagawana vipengele 23: kutambua miamba, kupeleleza magonjwa, maabara ya kemia, kufumbua maandishi ya siri, kujenga mnara wa vijiti, kutengeneza gari linalosukumwa na mtego wa panya. Kipengele kimoja kwa kawaida kinachukua watoto wawili, kwa hiyo kila mtoto anabeba vitatu au vinne. Na orodha hubadilika mwaka hadi mwaka. Aliyekesha na majina ya miamba msimu huu anaweza kukuta mwakani haimo kabisa.

Ukielewa hesabu ya pointi umeielewa timu nzima. Wa kwanza kwenye kipengele anapata pointi 1, wa pili 2, wa kumi 10, na mwisho wa siku shule yenye jumla ndogo ndiyo bingwa. Wasiotokea kabisa wanapewa pointi mbaya kuliko za walioshika mkia. Maana yake ni kwamba kipanga mmoja hawezi kuibeba shule mgongoni. Anaweza kurudi na medali tatu shingoni, shule ikawa ya kumi na ngapi huko, kwa sababu wenzake wawili walipeleka gari bila kusoma kanuni. Ndiyo maana mchujo wa kocha wetu, ambaye ni mwalimu wa sayansi, haukuwa mtihani mtupu. Alitaka kujua nani atakaa na kitu kinachochosha mpaka kiishe.

Hapo wazazi wetu hunikatiza: “Lakini wangu Kiingereza bado hakijakaa vizuri.” Basi ngoja niwaambie kipengele kilichompa binti yangu nafasi. Mtoto mmoja anaingizwa chumba chenye kitu cha ajabu mezani, kimeundwa kwa mirija, vikombe vya karatasi, vijiti na pini. Ana dakika 25 kukieleza kwa maandishi, na kuchora ni marufuku. Karatasi yake inapelekwa chumba kingine, ambako mwenzake hajakiona hicho kitu. Huyo ana dakika 20 kukijenga upya kwa kusoma maelezo tu.

Mwenzake binti yangu ni mtoto wa familia ya Kinepali, nao wako wengi hapa mjini. Hawa wawili wamekulia kazi ile ile: kumsomea mama barua ya shule, kumweleza bibi fomu ya bima, hatua kwa hatua, bila kuruka mstari. Hiyo ni kazi ambayo mtoto aliyezaliwa kwenye Kiingereza hajawahi kutumwa. Walifanya mazoezi sebuleni kwetu wakiwa wamepeana migongo. Mwanzoni ilikuwa vurugu. Mmoja anaandika “mrija mwekundu uelekee mlangoni,” mwenziwe anauliza mlango upi, maana siku yenyewe watakuwa vyumba viwili tofauti. Taratibu wakakubaliana: ukingo wa karibu na tumbo lako, ukingo wa mbali, kushoto, kulia, na kila kipande kihesabiwe kabla ya kuanza kuunda. Ufasaha hauhitajiki sana pale. Kinachohitajika ni kutomwacha msomaji akikisia, na sidhani kama kuna somo la darasani linalofundisha jambo hilo kwa ukali kiasi kile.

Mimi mwenyewe nilidhani kazi yangu ingekuwa kuendesha gari tu. Sayansi niliiacha kidato cha nne, na hapa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kisha akaleta maswali ya upelelezi wa magonjwa. Watu wamekula kwenye sherehe, wengine wameugua tumbo. Hii hapa orodha ya nani alikula nini na alianza kuumwa saa ngapi, tafuta chakula kilichosababisha. Nikacheka, maana hiyo ndiyo kazi yetu kila kirusi cha noro, kile cha kutapisha na kuharisha, kinapoingia kazini. Tunaandika nani kaanza kutapika, yuko upande gani wa jengo, alikaa meza gani, nani alimhudumia. Nikamweleza kwa nini dalili hutokea baada ya saa 12 mpaka 48 na siyo papo hapo, kwa hiyo anayeumwa leo asubuhi usimuulize staftahi ya leo, muulize ya jana na juzi. Nikamweleza kwa nini tunalazimishwa kunawa kwa sabuni na maji tiririka, kwa sababu ile dawa ya mikono yenye spiriti haikiwezi vizuri kirusi hicho.

Naye akanifundisha upande wa hesabu, ambao kazini hufanywa na wakubwa. Unachora jedwali la visanduku vinne: waliokula wakaugua, waliokula wasiugue, wasiokula wakaugua, wasiokula wasiugue. Halafu unalinganisha sehemu ya walioumwa katika kila kundi. Chakula kilicholiwa na wagonjwa wengi siyo lazima kiwe mkosaji, huenda kililiwa na kila mtu. Akanisimulia daktari John Snow wa London, ambaye mwaka 1854 alifuata vifo vya kipindupindu nyumba kwa nyumba mpaka kwenye pampu ya maji ya Broad Street. Mimi nikamsimulia kipindupindu cha uswahilini kwetu, tulivyokatazwa juisi za barabarani na tulivyochemsha maji mpaka sufuria ikageuka nyeupe ndani. Tulikaa mezani mpaka usiku. Mtoto wa umri ule, na mama yake, kwa hiari yake! Mwenye mtoto wa miaka 12 anajua nasema nini.

Baba watoto mambo yalimwendea vingine. Yeye ni fundi seremala, na binti alipangiwa mnara. Mnara unajengwa kwa vijiti vyembamba vya mbao nyepesi ya balsa na gundi, unaning'inizwa ndoo, mchanga unamiminwa ndani yake hadi mnara uvunjike au ufike uzito wa juu, kilo 15. Alama ni uzito uliobebwa ukigawanywa kwa uzito wa mnara wenyewe, kwa hiyo mnara mwepesi unaobeba kiasi unaweza kuushinda mnene unaobeba zaidi. Ila kanuni iko wazi: vifaa vijengwe na wanafunzi wenyewe, mtu mzima asitie mkono. Baba wa watu alikaa kwenye kiti mikono kwapani, anaona gundi inavyomwagwa kama uji kwenye kila kiungo, na kila tone ni uzito. Aliruhusiwa kuuliza maswali tu, basi akawa anauliza: “Unadhani utavunjikia wapi?” Minara ya mwanzo ilivunjika kwenye viungo hivyo hivyo vilivyojaa gundi. Binti akaanza kuweka gundi kwa ncha ya kijiti cha meno, na kupima kila kijiti kwenye mizani kabla ya kukitumia.

Sasa ya dunia. Ada ya timu kwetu inalipwa na shule. Wazazi tunachangia fulana, vifaa vya kujengea na chakula cha siku ya mashindano. Ulizeni mapema, maana shule hazifanani. Miwani ya kinga ya maabara isomeni kwenye kanuni kabla ya kununua, siyo kila miwani inakubaliwa. Mzigo mkubwa ni usafiri. Sisi watu wa kubeba maboksi, zamu zetu hazijali mazoezi ya saa kumi na moja jioni, na wengi tunaona haya kuomba lifti kwa wazazi tusiowajua. Ombeni tu. Niliweka ratiba yangu ya zamu kwenye kundi la wazazi, wakanipa siku ninazoziweza. Jumamosi ya mashindano mimi ndiye huwapeleka wote alfajiri, kwa sababu natoka zamu ya usiku na bado niko macho.

Msitegemee safari za mbali. Mashindano ya kanda hufanyika mwishoni mwa baridi, na shule nyingi huishia hapo. Zinazopita huenda mashindano ya jimbo, Chuo Kikuu cha Ohio State, na jimbo hili ni gumu kwa kweli: Solon, pembeni ya Cleveland, walishachukua ubingwa wa taifa zaidi ya mara moja. Shule yetu haijawahi kufika taifa na sioni dalili. Watoto wanajua, na bado wanagombania nafasi.

Kuna wanaoniambia kwamba mambo haya ni ya Wazungu, nyumbani hatukuwa nayo. Ni kweli shule ya msingi tulikuwa na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo, na anayejua kukimbia ndiye aliyepanda basi kwenda mkoani. Lakini nyumbani nako kumebadilika: Young Scientists Tanzania inawakutanisha wanafunzi wa sekondari na kazi zao za utafiti tangu muongo uliopita. Na mwaka 2019 watoto wa Keriko, shule ya kutwa kijijini kule Nakuru, Kenya, walifuzu kwenda maonyesho ya kimataifa ya sayansi Arizona, mwaka ule ule mwalimu wao Peter Tabichi aliposhinda tuzo ya mwalimu bora duniani.

Mchujo kwa shule nyingi za huku ni Septemba au Oktoba, baada ya kanuni mpya kutoka. Asipochaguliwa, ulizeni kama kuna timu ya pili, maana shule zenye watoto wengi huwa nayo. Na kama shule yenu haina timu kabisa, mwendeeni mwalimu wa sayansi mkiwa wazazi watatu wanne. Atakachokuuliza kwanza ni nani atakuja kumsaidia baada ya masomo, kwa hiyo nendeni na siku zenu mmeshazipanga.