Sauti ya Mama Katika Matatu ya Namba 45

Mdogo wangu ana miaka 24. Alizaliwa na ulemavu wa akili: tarakimu anazisoma vizuri na jina lake analitambua likiandikwa, lakini maandishi marefu humchosha, na watu wakimharakisha huingiwa na hofu. Tangu mwaka jana anashona viatu vya ngozi katika kibanda cha fundi mmoja sokoni Kariokor, jijini Nairobi, kazi anayoipenda mno, nasi tunaishi Roysambu. Kwa miezi mitano nilimpeleka kila asubuhi na kumrudisha kila jioni, mpaka siku moja, tukiwa tumeketi katika kiti cha nyuma cha matatu, akaniuliza kwa nini wenzake wote pale kibandani huja peke yao. Sikuwa na jibu.

Nilimnunulia simu ya kisasa na kuwasha huduma inayonionyesha mahali alipo. Nikawa nakaa kazini nimekodolea macho alama ya buluu kwenye ramani, na kila iliposimama Allsops au Muthaiga nilimpigia kumuuliza kuna nini, ilhali palikuwa na msongamano tu kama ilivyo kila asubuhi. Siku ya tatu aliizima. Jioni aliniambia kwamba simu ile ilikuwa yangu, si yake, na nilipoyatafakari maneno hayo usiku niliona kwamba alisema kweli: kifaa kilikuwa kinazungumza nami kumhusu yeye, naye hakikumwambia lolote. Tangu hapo, nikisikia habari za teknolojia ya kuwawezesha wanyonge kusafiri, huuliza kwanza ni nani anayepewa habari. Kumtuliza mlezi ni jambo jema, lakini si sawa na kumwezesha msafiri.

Tulianza upya kwa msaada wa kijana wa jirani anayesomea kompyuta. Aliweka katika simu programu ya kengele inayolia mtu anapokaribia mahali palipochaguliwa, na badala ya mlio wa kawaida tukatumia sauti ya mama. Mama humwita mdogo wangu Baba, kwa kuwa amepewa jina la babu yetu mzaa mama, na ndivyo alivyorekodi: "Baba, umefika Pangani. Mwambie makanga utashukia Ngara. Simama ukishike chuma." Simu hukaa katika mfuko wa ndani wa koti, maana kuitoa karibu na dirisha kwenye foleni ni kuwapungia wezi. Muziki wa matatu unaweza kumeza kila sauti, kwa hiyo simu hutetemeka kwanza kifuani, kisha sauti inasikika katika sikio moja tu, ili sikio la pili libaki kwa makanga.

Tulichagua Pangani, wala si Ngara kwenyewe anakoshukia kwenda kazini, baada ya kusafiri naye mara kadhaa tukihesabu muda. Onyo linalokuja gari likiwa limefika steji halimsaidii mtu anayehitaji dakika mbili za kujiandaa. Jioni tatizo ni kubwa zaidi. Barabara ya Thika, tangu upanuzi wake ulipokamilika mwaka 2012, ina njia za kasi katikati na njia za kando zenye steji. Dereva akilipita pengo la kuingilia njia ya kando, Roysambu imeshabaki nyuma. Kwa hiyo kengele ya kurudi nyumbani inalia Garden City, mapema, akiwa bado na nafasi ya kupaza sauti.

Haya yote yasingewezekana kwa urahisi kama hakungekuwa na watu waliofanya kazi ya kuzitafuta steji zetu. Nyingi hazina kibao. Ziko katika vinywa vya makanga na katika kumbukumbu za abiria. Kuanzia mwaka 2012, watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani na kampuni ya Groupshot, walipanda matatu wakiwa na simu na kurekodi kila njia na kila mahali gari liliposimama. Januari 2014 walitoa ramani ya njia zaidi ya 130, na mwaka uliofuata habari hizo zikaingia katika Google Maps. Nawashukuru kwa dhati, kwa sababu kwa mara ya kwanza mashine iliweza kulitambua jiji kwa majina tunayoyatumia sisi.

Hata hivyo ramani inajua njia, haijui uamuzi wa dereva asubuhi hii. Mwezi wa pili wa safari zake za peke yake, matatu iliishia Pangani na makanga akawaamuru wote washuke, kwa kuwa gari lilikuwa linarudi. Sauti ya mama ilimwambia ataje Ngara, akataja. Makanga akamwambia gari haliendi. Akataja tena, kisha akabaki ameketi, ameshika chuma kama alivyofundishwa. Abiria mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, alimsogelea. Ndipo akafungua simu na kumwonyesha ukurasa tuliouweka wa maandishi makubwa: "Naenda Ngara. Tafadhali nionyeshe gari la kupanda." Yule mama alimvusha, akampandisha gari jingine na kumwachia makanga maagizo. Mimi nilipata habari hizo jioni, mdogo wangu akinisimulia mwenyewe hatua kwa hatua, na sijawahi kumsikia akieleza jambo kwa urefu namna ile.

Nauli nayo hulipa kwa M-Pesa, kwa sababu chenji ilikuwa inapotea na hakuwa na namna ya kudai. Sasa ujumbe wa malipo unabaki katika simu.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuufikia usafiri wa umma na habari kwa kiwango kinachofaa. Nayasoma maneno hayo nikimfikiria makanga yule, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila hakuna aliyemfundisha la kufanya abiria anaporudia neno moja. Sacco, yaani vyama vya ushirika vinavyosimamia matatu, zinaweza kuwafundisha, na zinaweza kuagiza kila steji itangazwe na muziki upunguzwe kabla ya kuifikia. Magari mengi tayari yana vipaza sauti vikubwa. Vikitumika kutaja Muthaiga na Pangani, watanufaika wasioona, wazee, na mgeni aliyewasili jijini jana.

Sasa anataka kwenda Jumamosi kwa shangazi, Rongai. Safari hiyo ina kushuka mjini, kuvuka barabara zenye msukumano wa watu na kutembea hadi steji ya Railways, na tumeshaipita mara nne tukiwa wawili. Juzi tulipoketi kurekodi maelekezo, mama alikuwa ameanza kusema "Baba", mdogo wangu akamwomba simu kwa upole, akaisogeza mdomoni na kurekodi mwenyewe: "Nimefika mjini. Sasa natafuta Railways."