Haibridi au Corolla ya kawaida? Hesabu za mbeba boksi wa Minnesota

Mlango wa nyuma wa Sienna yangu, ile van ya Toyota, unafungwa kwa kamba. Sio utani, ni ile kamba ya mpira yenye ndoano mbili ambayo watu wanafungia mizigo juu ya keria, nimeipitisha kwenye kiti cha nyuma maana reli ya mlango imeliwa na kutu yote. Hapa Minnesota kutu sio habari, winta nzima wanamwaga chumvi barabarani barafu iyeyuke, ikifika Aprili ukichungulia uvungu wa gari lako unakuta limekuwa kama samaki wa ng'onda. Gari ni la 2007, nilinunua kwa Mkenya mmoja hapahapa Brooklyn Park kipindi watoto wadogo na viti vyao vikubwa, limenibeba sana sitaki kulisema vibaya, ila kwenye wese ni janga. Nimepima mwenyewe, najaza tenki mpaka pampu ikate, naandika mita, nikija kujaza tena napiga hesabu: maili 18 kwa galoni, yaani kilometa 7 na kitu kwa lita.

Na mi kazi yangu ni boksi, na safari hii ni boksi kweli sio msemo, niko ghalani Shakopee. Kwa wasiojua huku, unashuka na barabara ya 169 kusini moja kwa moja, unavuka mto Minnesota, umefika. Maili 28 kwenda, 28 kurudi, siku nne kwa wiki, shifti inaanza saa 12 jioni inaisha saa 10 na nusu alfajiri. Kwa mwaka hizo ni maili elfu 11 na ushee za kwenda kazini tu, hapo sijaenda kanisani, sijapeleka mtoto mpira, sijaenda kwenye kamati ya harusi ya mtu nisiyemjua vizuri.

Kwa hiyo mwezi wa tisa wife akasema basi, tununue gari la maana kabla barafu haijaanza, na mi nikasema sawa, haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Nilishaamua hata kabla ya kuangalia. Pale kazini kila mtu ana neno lake kuhusu haibridi, kuna jamaa wa Eritrea anaendesha Prius na mchana anapiga Uber nayo Minneapolis, anasema anajaza mafuta mpaka anasahau kadi iko wapi. Mwingine akaniambia tena serikali inakupa dola 7,500 ukinunua. Huyu msimsikilize. Ile pesa ilikuwa ya magari ya umeme na yale ya kuchomeka kwenye ukuta, haibridi ya kawaida ambayo inajichaji yenyewe haikuwemo, na hata hiyo yenyewe imekufa tarehe 30 Septemba 2025. Ukikuta mtu bado anakuahidi hiyo hela ujue ama hajui ama anakuuzia.

Basi nikaenda yadi moja, sitaitaja. Walikuwa na Corolla mbili za 2023 zimepakiwa karibu kabisa, moja ya kawaida, nyingine haibridi, rangi karibu zinafanana, maili karibu zinafanana. Ya kawaida 18,600, haibridi 21,000. Muuzaji kijana mzuri tu, anaongea haraka, akatoa kikokotoo kwenye simu akaniambia angalia bwana, hii EPA (mamlaka ya mazingira ya Marekani) wanasema maili 35 kwa galoni kwa wastani, hii maili 50, unaona mwenyewe, gari inajilipa. Nikaona kweli. Nusura nisaini.

Kilichonizuia ni nywele za mbwa.

Mdogo wangu yuko Dar, ana Aqua, ni ileile waliyokuwa wanaiuza huku kwa jina la Prius C. Kabla hajainunua alihangaika sana maana kila fundi aliyemuuliza alimwambia achana na hayo madude, betri ikifa umebaki na banda la kuku. Mwisho akapata fundi mmoja Gerezani anayeyajua, yule fundi akamfundisha kitu kimoja, akamwambia ukienda kukagua haibridi usianze na injini, anza na kiti cha nyuma. Betri kubwa iko huko nyuma na inapozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, ile ya abiria, kupitia tundu lenye kichujio pembeni ya kiti. Tundu likiziba vumbi betri inajipikia humohumo mpaka inakufa kabla ya siku zake. Watu wanasema haibridi mbovu kumbe wameweka shuka na mabegi ya nguo mbele ya tundu miaka mitatu.

Nikapiga magoti pale yadi na suruali ya kazini, nikachomoa kile kichujio. Hakikuonekana. Kilikuwa kimevaa sweta. Nywele nyeupe za mbwa zimesokotana na makombo ya biskuti na uchafu wa kijivu, nikazivuta zikatoka kipande kimoja kama kofia. Kijana wa watu akacheka akasema ooh tutasafisha hiyo. Nikamuuliza waranti ya betri, akaniambia ngoja nikaulize ndani, mi nikamwambia usihangaike, Toyota kuanzia modeli ya 2020 wanaipa betri ya haibridi miaka 10 au maili 150,000, chochote kitakachotangulia, na inamfuata mnunuzi wa pili. Akaniangalia kama nimemwonyesha kitambulisho cha polisi.

Kwa hiyo betri haikuwa ndo kinachonitisha, muelewe hapo. Hata ule woga wa nyumbani una sababu yake, Prius za zamani betri yake imejengwa kwa vipande 28, kikifa kimoja fundi anachomoa anaweka kingine cha mtumba, miezi miwili kinakufa jirani yake, unarudi, unalipa tena, mwisho unalaani gari zima. Ila gari jipyajipya lenye waranti ni kesi nyingine. Na mengine yote ya haibridi mi nayapenda, haina alteneta, haina stata ya kawaida, brekipedi zinadumu maana ukipunguza mwendo mota ndo inalishika gari na kurudisha umeme kwenye betri. Kabla ya kile kichujio nilikuwa nanunua kwa mahaba, baada ya hapo nikasema ngoja niende nyumbani nikapige hesabu kama mtu mzima.

Nikaweka daftari la shule la mwanangu kwenye Sienna, wiki mbili. Saa 11 kasoro jioni natoka nyumbani, hiyo ndo saa dunia nzima ya Minneapolis inarudi kwao, kwa hiyo kwenda natumia dakika 50, siku mbaya saa nzima. Kurudi alfajiri barabara nyeupe, niko mimi na malori, dakika 30 hazifiki. Nilikuwa najiaminisha kwamba nusu ya safari yangu ni foleni. Daftari likakataa. Foleni yenyewe, ile ya kukanyaga na kuachia, inaanza pale 169 inapokutana na 394 inaisha karibu na 494. Maili 9. Weka na za mtaani kwangu, 10. Katika maili 56 za siku nzima foleni ni maili 10, sema zile 10 zinauma mpaka unaziona 40.

Sasa hapa ndo penyewe, mtu anayetaka kununua asome taratibu. Ile 35 na ile 50 aliyonionyesha kijana ni wastani, na ndani ya wastani kuna namba mbili. Kwa EPA hiyohiyo Corolla ya kawaida ya 2023 mjini inapata maili 32, haiwei 41. Haibridi mjini 53, haiwei 46. Umeona? Mjini haibridi inamwacha mwenzake mbali, haiwei wanatembea karibu bega kwa bega, 41 na 46. Na ina sababu, ukiwa mwendo wa maili 65 bila kukanyaga breki hakuna umeme wa kurudisha, injini ya petroli ndo inavuta gari karibu muda wote, betri imekaa tu kama shemeji aliyekuja kusalimia.

Nikachukua kalamu. Kwenye zile maili 10 za foleni haibridi ingeniokolea karibu sehemu ya nane ya galoni. Kwenye maili 46 zilizobaki, zote hizo, inaniokolea vilevile, sehemu ya nane. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Maili 10 za foleni zina thamani sawa na maili 46 za barabara nyeupe! Ukijumlisha ni robo galoni kwa siku, siku 200 za kazi kwa mwaka, ni galoni 50 hivi, kwa dola 3 galoni ni dola 150. Kwa kikokotoo cha kijana ilikuwa dola 288, yaani njia yangu imekata nusu. Na zile dola 2,400 za tofauti ya bei sina mfukoni, nakopa, riba yangu asilimia 8 kwa miaka mitano, inakuwa 2,900 na kitu. Gawanya kwa 150. Miaka 19. Hilo gari chumvi itakuwa imelimaliza tukiwa bado tunadaiana.

Hapo sijaingiza winta. Wizara ya Nishati ya hapa inasema kwenye baridi ya kama nyuzi 7 chini ya sifuri, safari za mjini, gari la kawaida linapoteza kama asilimia 15 ya ile maili kwa galoni, haibridi inapoteza kati ya 30 na 34. Maana haibridi faida yake ni kuzima injini, sasa wewe umewasha hita, injini itazimaje? Joto la ndani linatoka kwenye injini. Na nyuzi 7 chini ya sifuri kwa Januari ya huku ni siku ambayo watu wanatoka bila kofia.

Nikamweleza wife, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, kwa hiyo Sienna kwa mwaka inakula shilingi ngapi? Kwa ile 18 yetu ni karibu dola 1,870. Na Corolla ya kawaida? Hata tukitumia ile 35 ni 960. Akasema sasa mbona unagombana na dola 150 wakati umeacha 900 mlangoni? Akaenda kulala. Nimekaa na daftari wiki mbili, yeye dakika mbili.

Nikachukua ya kawaida. Nilirudi yadi nikakuta wameongeza dola 400 za kupaka dawa ya kulinda rangi ambayo sikuiomba, nikagoma, wakaitoa. Yule Mueritrea nilipomwambia alitikisa kichwa, na kwake ana haki, mtu anayezunguka Minneapolis mchana kutwa taa kwa taa anunue haibridi jana, tena ningemshangaa asiponunua. Na mwenye Prius ya zamani, ile ya 2004 mpaka 2009, ajue tu wezi wa masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, wanaipenda kuliko yeye anavyoipenda, wanalala chini na msumeno dakika mbili wameondoka, asubuhi ukiwasha inanguruma kama trekta. Mwaka 2023 Minnesota walipitisha sheria ya kuwabana wanunuzi wa vyuma chakavu, ila mi bado ningeipaki chini ya taa.

Mama kule Muheza nilimtumia picha. Akauliza ni hiyohiyo tu au kuna nyingine nyuma yake. Nikamwambia ni hiyo, Corolla. Akanyamaza kidogo akasema mtoto wa jirani alikuja na Prado. Nikamwambia mama, yule amekuja likizo, amekodi. Akasema hata kama.

Juzi Jumanne niko kwenye 169, zile maili zangu 9, mvua na theluji vinashuka pamoja, magari yamesimama kabisa, Corolla inanguruma chini yangu inachoma petroli bila kwenda popote. Nikafungua voisi ya mdogo wangu ya asubuhi, alikuwa anatoka Mbezi kwenda Posta, kapita Kimara amekwama kabla ya Ubungo. Ananisimulia habari za kiwanja mi nikawa simsikilizi yeye, nasikiliza nyuma yake. Hakuna injini. Imezima yenyewe, katulia kwenye foleni na vioo viko wazi, unasikia muuza maji anapita, baridiiii, baridiii ya Kilimanjaro, unasikia mpaka sarafu za muuza karanga zinavyogongana mkononi. Nikairudisha mwanzo nikaisikiliza tena. Gari la nyuma yangu likapiga honi.