Kidimbwi cha Vyura Nyuma ya Nyumba

Kidimbwi kilichoko nyuma ya nyumba yetu, upande wa Bumbwisudi hapa Unguja, tulikichimba kabla ya masika, mahali palipokuwa na matuta ya mihogo. Sikukikusudia kwa kufuga perege wala kwa kupamba ua kwa simenti na taa. Nilitaka pawe makaazi ya vyura, kereng'ende na ndege, ambao naona nafasi yao inapungua kila kiwanja kipya kinapojengwa na kila bonde dogo linapofukiwa kifusi.

Ardhi ya kwetu ni kinongo, udongo mwekundu unaopendwa na mikarafuu lakini usiokaa na maji. Wenzetu wa Paje na Makunduchi, kusini-mashariki ya kisiwa, wana taabu zaidi, kwani huko chini ni maweni, na mvua hata iwe kubwa vipi hupenya kwenye nyufa za mawe ikenda zake. Wengi wangetandika nailoni; mimi niliona bora kinamo, udongo mzito wa mabonde ya mpunga, kwa sababu mizizi hushika ndani yake na wadudu hupata matope ya kujificha. Jirani yetu, mzee aliyelima mpunga tangu ujana wake, alichukua donge, akalilowesha, akaliviringisha baina ya viganja mpaka likawa uzi mwembamba, kisha akaupinda polepole. Haukukatika.

"Huu unafaa, mwanangu," aliniambia, "lakini kinamo hakimwagwi tu, hukanyagwa."

Basi tukakikanyaga kwa miguu mitupu, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikiwa bado mbichi, kwani kinamo kikishakauka hupasuka na maji hupata njia. Katikati kina chake ni sentimita 60 hivi, na kingo zimelazwa mteremko mrefu ili chura mchanga aweze kupanda nchi kavu na kuku aliyeteleza asife maji. Maji ni ya mvua, yaliyoelekezwa kutoka kwenye bati. Ya bomba yenye klorini huyaacha kwanza kwenye pipa lililofunikwa kwa siku kadhaa kabla sijayatumia kuongezea. Nimepanda mayungiyungi na matete machache. Gugu maji nimelikataa katakata ingawa ua lake linapendeza, kwa sababu huenea upesi, likafunika maji yote na kuyanyima mwanga na hewa.

Shangazi yangu alipokiona aliniuliza, "Miaka yote hii tunafukia madimbwi kwa ajili ya malaria, leo wewe unachimba jipya?" Swali lake ni la haki kabisa. Zanzibar ilifikisha maambukizi ya malaria chini ya asilimia 1 kwa vyandarua, kwa dawa ya kupuliza majumbani na kwa kuwapima na kuwatibu watu mapema, na anayechezea mafanikio hayo anacheza na roho za watoto. Jibu langu ni kwamba mbu hustawi zaidi pale asipokuwa na adui: katika tairi, kopo, kifuu cha nazi, au kidimbwi cha mvua cha muda mfupi ambamo yai huwa mbu anayeruka kwa wiki moja au mbili tu, kabla wawindaji hawajafika. Maji ya kudumu hupata wenyewe wa kuyalinda, ila lazima kingo zifyekwe, maana lava, yaani watoto wa mbu waishio majini, hujificha kwenye majani yaliyosongamana. Hata hivyo sikumtaka shangazi aniamini kwa maneno. Tunachota maji pembezoni kwa bakuli jeupe, ambamo lava huonekana wazi, naye hukagua mwenyewe. Perege wangesaidia kuwala hao lava, lakini wangekula pia mayai ya chura, yale meusi yaliyopangana ndani ya nyuzi ndefu za ute.

Mwindaji ninayemtegemea ni mtoto wa kereng'ende, anayeishi chini ya maji na kuwakamata lava kwa mdomo wa chini unaofyatuka mbele. Alfajiri moja nilimkuta mmoja amepanda juu ya tete. Mgongo wake ulipasuka, akajitoa kichwa na kifua, akaning'inia kinyumenyume kwa muda hata nikadhani amekufa, kisha akajiinua na kuchomoa mkia. Mbawa zake zilikuwa zimekunjamana, zikanyooka mbele ya macho yangu.

Wanaonipa wasiwasi ni kunguru wa India, walioletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka za mji, nao wakaishia kula mayai na makinda ya ndege wetu. Huja kunywa mchana. Nimewaachia chozi na yangeyange nafasi chini ya kivuli cha mwembe, na mabaki ya chakula hatuyatupi tena uani, maana ndiyo yanayowaita kunguru.

Kazi iliyobaki ni uzio wa makuti upande wa njia, ambako watoto hupita wakienda chuoni kusoma Kurani. Mpaka ukamilike, hakuna mtoto anayeachwa peke yake karibu na maji, na wazazi wa nyumba za jirani wote nimeshawaambia.